Kwa nini Boston Bruins walimwachia nahodha wao katikati ya msimu?

*Naishi Lowell, Massachusetts, huu ni mwaka wa saba. Mwanangu wa kiume ana miaka 12 na ni shabiki wa Boston Bruins. Mimi nimekulia kwenye soka, Gor Mahia damu damu, na hoki ya barafuni nimejifunza kwa ajili yake tu. Mwezi Machi 2025 walimtoa nahodha Brad Marchand kwenda klabu ya Florida Panthers, wakapewa eti nafasi ya kuchagua kijana ambaye hata hajulikani ni nani. Wiki hiyohiyo wakatoa wengine kadhaa. Juni Marchand akabeba kombe na hao Florida. Mtoto alilia, jezi yake namba 63 ameitupa chini ya kitanda, na ananiuliza mambo nisiyoweza kujibu. Klabu imeishiwa pesa? Mchezaji anauzwaje bila ridhaa yake? Halafu kuna mfanyakazi mwenzangu anayetaka tugawane tiketi za msimu mzima. Kwangu ni pesa nyingi. Niingie, au hii timu imekwisha?*

Dada yangu, umeuliza maswali kadhaa, lakini nikiyasoma tena naona hofu ni moja: unaogopa kuweka pesa yako na moyo wa mtoto mikononi mwa watu wanaoonekana hawajui wanalolifanya. Nitangulize jibu. Klabu haijaishiwa pesa. Kumwachia Marchand, kwa siku ile na kwa hali waliyokuwa nayo, hakukuwa kosa. Kosa lilikuwepo, ila lilifanyika kabla ya hapo, timu ikiwa bado inashinda, na ndiyo maana wachache waliliona.

Inabidi kwanza uiweke soka kando, maana ndiyo inayokuchanganya. Gor wakimuuza mchezaji, klabu inayomchukua inalipa ada, na mchezaji mwenyewe anakaa mezani kupatana mshahara mpya, asipoutaka, anabaki. Kwenye NHL, ligi ya hoki wanayocheza Bruins, klabu hazinunuliani wachezaji kwa ada. Kinachobadilishwa ni mikataba: mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa haki ya kuchagua chipukizi. Mkataba unahama na mwenyewe kama ulivyo, mshahara uleule, miaka ileile iliyobaki. Ridhaa haiulizwi, isipokuwa kama mchezaji alipigania kifungu cha kukataa kuhamishwa alipokuwa anasaini, na kifungu hicho hupewa wale waliokwisha kujijengea jina. Kijana wa miaka 22 anaweza kuamka Boston na kulala Minnesota. Ni ukatili, sikatai, lakini umo ndani ya makubaliano yaliyosainiwa na chama cha wachezaji wenyewe, nao wakapata vyao, kikubwa kikiwa nusu ya mapato ya mchezo huu kwenye ligi nzima.

Kwa hiyo Boston hawakuingiza hata senti moja kwa Marchand. Tena waliendelea kubeba nusu ya mshahara wake mpaka msimu ulipoisha, jambo ambalo kanuni zinaruhusu ili kuirahisishia klabu inayompokea. Ukimwambia mwanao hilo, neno "wamemuuza" litapungua makali.

Sasa kwa nini klabu tajiri, yenye uwanja wa watu karibu 18,000 unaojaa, iachie nyota wake? Kwa sababu NHL ina kikomo cha mishahara. Msimu mzima wa 2004-05 ulifutwa kwa sababu ya mgogoro wa wamiliki na wachezaji, na ligi iliporudi ikarudi na sheria hii: kila klabu ina kiwango cha juu kabisa inachoweza kulipa wachezaji wake. Msimu wa 2024-25 kilikuwa dola milioni 88. Toronto yenye utajiri na Winnipeg yenye mji mdogo, zote dari ni hilohilo. Hata mmiliki wa Bruins akiwa na mabilioni, hawezi kuongeza mchezaji mmoja kama nafasi chini ya dari imeisha. Hapo pesa inaacha kuwa ndiyo mali. Mali ni nafasi, ni miaka iliyobaki kwenye mkataba, na ni wachezaji wanaotoa kazi kubwa kuliko wanacholipwa.

Wachezaji wa namna hiyo wanatoka wapi? Wengi ni vijana. Kila Juni klabu zote 32 hukaa na kuchagua chipukizi kuanzia wa miaka 18, kwa duru saba, na kila klabu ina zamu moja katika kila duru. Mkataba wa kwanza wa kijana umewekewa ukomo na kanuni, hivyo akiwa hodari klabu inafaidi kwa miaka hadi mitatu kabla hajaanza kudai chake. Ile "nafasi ya kuchagua kijana asiyejulikani" ndiyo zamu hiyo. Zamu inaweza kubadilishwa na kupita mkono hadi mkono, hata ile ya mwaka ambao haujafika. Klabu ikimaliza zamu zake, inajikuta na kikosi cha watu wazima wanaolipwa bei kamili, na hakuna anayekua nyuma yao.

Hapo ndipo tunaingia kwenye msimu wa 2022-23, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu kila kitu kilichomliza mtoto kinatokea huku. Mwaka ule Bruins waliweka rekodi ya ligi: ushindi mara 65 na pointi 135 katika michezo 82. Hakuna timu iliyowahi kufika hapo. Nahodha alikuwa Patrice Bergeron, mwenye miaka 37. David Krejčí alikuwa na 36. Uongozi ulijua ni safari ya mwisho ya kizazi kile, ukaamua kutia kila kitu sufuriani. Zamu ya duru ya kwanza ya 2023 ikaenda Washington, wakaja Dmitry Orlov na Garnet Hathaway. Zamu ya duru ya kwanza ya 2024 ikaenda Detroit, akaja Tyler Bertuzzi. Wote watatu mikataba yao ilikuwa inakwisha miezi michache baadaye.

Mtoano ulipoanza wakakutana na timu iliyoponea chupuchupu kufuzu. Bruins waliongoza kwa michezo mitatu kwa mmoja, wakahitaji ushindi mmoja tu. Wakapoteza mitatu mfululizo, wakatolewa duru ya kwanza. Timu hiyo ilikuwa Florida. Ndiyo, hawahawa.

Kiangazi kile Bergeron na Krejčí walistaafu. Orlov akaenda Carolina, Bertuzzi Toronto, Hathaway Philadelphia, wote kama wachezaji huru, na Boston haikupata chochote kwa yeyote kati yao. Juu ya hapo, Bergeron na Krejčí walikuwa wamecheza kwa mikataba midogo yenye marupurupu makubwa, na marupurupu hayo, takriban dola milioni 4.5, yakahesabiwa kwenye kikomo cha msimu uliofuata, wenyewe wakiwa nyumbani. Boston ilikuwa inatafuta mrithi wa washambuliaji wake wawili wa kati huku bado ikilipia kivuli chao.

Je, walikosea kuingia vile? Mimi nasema kuingia kulikuwa halali. Ukiwa na timu bora katika historia ya ligi, huwezi kukaa unahesabu zamu za 2024. Kosa lilikuwa kutokubali, baada ya pigo lile, kwamba bili imefika. Msimu wa 2023-24 Marchand akavishwa unahodha, timu ikapata pointi 109, ikaitoa Toronto kwa mchezo wa saba, kisha ikatolewa tena na Florida. Matokeo mazuri namna hiyo yanadanganya. Uongozi ukaamini kwamba pengo ni dogo na linazibika kwa kununua.

Julai 1, 2024, siku ambayo soko la wachezaji huru hufunguliwa, wakamsaini Elias Lindholm kwa miaka saba, dola milioni 7.75 kwa mwaka, na beki Nikita Zadorov kwa miaka sita, milioni 5 kwa mwaka. Wiki moja kabla walikuwa wamempeleka golikipa Linus Ullmark Ottawa, na kati ya walivyopata ni zamu ya duru ya kwanza ya 2024. Zamu ipi? Ileile yao wenyewe waliyoipeleka Detroit, ambayo Detroit nayo ilikuwa imeipitisha Ottawa. Yaani walimtoa mmoja wa makipa wawili bora waliokuwa nao, na sehemu ya malipo ikawa ni kurudishiwa kilichokuwa chao. Kipa aliyebaki, Jeremy Swayman, akagoma kusaini hadi siku mbili kabla ya msimu, akapata miaka minane na jumla ya dola milioni 66, bila kushiriki maandalizi hata kidogo. Ilionekana barafuni: alizuia asilimia 89.2 tu ya mashuti, kutoka 91.6 ya msimu uliotangulia. Tofauti hiyo kwa kipa ni kubwa mno. Ni goli moja zaidi katika kila mashuti arobaini hivi, na michezo mingi huamuliwa kwa goli moja.

Yaliyobaki uliyaona. Baada ya michezo 20 kocha Jim Montgomery akafukuzwa, Joe Sacco akapewa timu kwa muda. Beki Hampus Lindholm alivunjika mfupa wa goti Novemba. Charlie McAvoy, beki wao bora, aliumia Februari akiichezea Marekani kwenye mashindano ya mataifa manne. David Pastrňák alifunga magoli 43 na kufikisha pointi 106 (magoli pamoja na pasi za magoli), karibu peke yake. Timu ikamaliza na pointi 76, ikiburuza mkia katika kundi lake la Atlantic, na kukosa mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2016.

Basi rudi nami hadi wiki ile ya Machi. Dirisha linafungwa tarehe 7. Timu iko nje ya mtoano au karibu nje. Nahodha atatimiza miaka 37 Mei, ameumia siku chache nyuma, na mkataba wake unakwisha kiangazi. Pande mbili zimezungumza juu ya mkataba mpya, hazikufikiana. Mchezaji wa namna hiyo ni embe lililokwisha iva juu ya mti: ukilichuma leo utapata kitu, ukingoja litaanguka lenyewe na atakayeokota si wewe. Boston walikwisha kuyaona maembe yao matatu yakianguka mwaka 2023. Safari hii walichuma.

Walichopata kilikuwa na sharti. Florida walitoa zamu ya duru ya pili, ambayo ingepanda kuwa ya duru ya kwanza kama Florida wangeshinda duru mbili za mtoano na Marchand akacheza angalau nusu ya michezo hiyo. Yote mawili yalitimia. Kwa hiyo mwanao alipokuwa analia kumwona Marchand akisonga mbele, klabu yake ilikuwa inazidi kupata. Boston sasa wanadai zamu ya duru ya kwanza ya Florida ya 2027 au 2028. Mueleze hilo, watoto wa umri wake hupenda hesabu za namna hii kuliko sisi.

Utauliza, Florida waliwezaje kumpokea ilhali dari ni lilelile? Matthew Tkachuk alikuwa ameumia Februari kwenye mashindano yaleyale, akawekwa kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu, na mshahara wake wa milioni 9.5 ukawafungulia nafasi. Mtoano ulipoanza, Tkachuk akarudi, na wakati ule kikomo hakikuhesabiwa kwenye mtoano. Klabu nyingine ziliwahi kutumia mwanya huohuo. Kuanzia msimu wa 2025-26 ligi imeuziba: kikosi kinachoingia barafuni kwenye mtoano nacho lazima kitoshe chini ya dari.

Nikubali pia upande wa pili, maana kuna watu wenye akili Boston wasiokubaliana nami. Marchand alifunga magoli 10 katika mtoano ule, sita kati yake fainali dhidi ya Edmonton. Hakuwa mzee wa kusindikizwa. Wanasema mtu aliyechaguliwa na Boston mwaka 2006, akabeba kombe la 2011 na jezi ile, akacheza zaidi ya michezo 1,000, hakupaswa kuondoka kwa tofauti ya fedha, na kwamba hakuna zamu inayoweza kuziba pengo la nahodha katika chumba cha wachezaji. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tazama mkataba aliousaini Florida baada ya kombe: miaka sita, milioni 5.25 kwa mwaka. Utakapokwisha atakuwa na miaka 43. Florida wanaweza kuubeba kwa sababu wanashinda sasa. Timu iliyo mkiani ikiusaini, inalipia kumbukumbu.

Wengine waliotoka wiki ile hawakuwa na hesabu moja. Trent Frederic, aliyekwenda Edmonton, naye mkataba wake ulikuwa unakwisha. Sina la kuongeza. Charlie Coyle alikwenda Colorado, akaja Casey Mittelstadt, ambaye ni mdogo kwa umri lakini alikuwa analipwa zaidi, na hapo sioni kama Boston walipata faida ya wazi. Ile ya beki Brandon Carlo ndiyo ninayoipima tena na tena. Alikuwa na miaka 28, mkataba wake ulikuwa na miaka miwili zaidi mbele, mshahara wa wastani. Hakukuwa na haraka. Walimpeleka Toronto, mahasimu, wakapata kijana Fraser Minten, zamu ya duru ya nne, na zamu ya duru ya kwanza ya Toronto ya 2026, ambayo Toronto wangeibakiza tu kama ingeangukia katika tano za mwanzo. Ni bei nzuri. Pia ni tamko kwamba klabu imekubali kuanza upya, jambo ambalo kwa Marchand peke yake usingeweza kulisema.

Timu imekwisha? Hapana. Hakuna kushuka daraja katika NHL. Anayeshika mkia habomoki kifedha, bali hupata zamu ya mbele zaidi, kwa bahati nasibu. Boston waliingia katika bahati nasibu ile wakiwa wa tano, wakapitwa na New York Islanders na Utah, wakaangukia ya saba, wakamchagua James Hagens, mshambuliaji wa kati aliyekuwa akicheza Boston College. Kocha aliyepewa timu mwaka 2025 ni Marco Sturm, aliyewahi kuichezea Bruins. Pastrňák, McAvoy na Swayman wote wako katika umri mzuri na wana mikataba mirefu. Kikomo kilipanda hadi milioni 95.5 kwa 2025-26, na kilipangwa kuendelea kupanda, hivyo mikataba iliyoonekana mizito mwaka 2024 inapungua uzito.

Ila nisikupambe. Kujenga upya huchukua miaka, na vijana wa duru ya kwanza wengine hawafiki popote. Ukitaka kujua mapema kama mambo yanakwenda, usianze na msimamo wa ligi. Mtazame Swayman miezi miwili ya kwanza, baada ya maandalizi kamili. Akirudi alivyokuwa, timu hii itashindana. Asiporudi, kila kingine nilichokueleza kitasubiri, kwa sababu mkataba wake unafika hadi 2032 na hakuna klabu itakayouchukua kirahisi.

Kuhusu jezi, mimi nisingemnunulia nyingine upesi. Namba 63 si jezi ya msaliti. Mwenyewe hakuomba kuondoka. Akitaka jina jipya mgongoni, 88 ya Pastrňák ndiyo salama zaidi kwa sasa. Na mtoto wa miaka 12 kulilia timu ni jambo la kawaida. Hasira ikivuka hoki, ikaingia kwenye usingizi au shuleni, hapo usiniulize mimi. Zungumza na daktari wake.

Tiketi sasa. Msimu wa kawaida wa 2025-26 ulikuwa na michezo 41 ya nyumbani. Kwa mtu ambaye pesa hiyo itamuuma, mimi singeingia mwaka huu, na sababu si ubovu wa timu. Kugawana tiketi ni mkataba, na akaunti huwa kwa jina la mtu mmoja, ambalo halitakuwa lako. Una njia nyepesi. Treni ya Lowell inakushusha North Station, chini kabisa ya TD Garden. Chagueni michezo michache ya siku za kazi na mwende. Timu yao ya akiba, Providence Bruins, iko umbali wa kuendesha gari na kurudi siku hiyohiyo, na huko ndiko mwanao atakakowaona wengi wa vijana hawa kabla hawajapanda. Na hapo mjini kwenu, Tsongas Center, UMass Lowell wanacheza ligi moja na Boston College alikocheza Hagens.

Ukiamua kuingia hata hivyo, usimalizane kwa ujumbe wa simu. Nendeni wawili ofisi ya tiketi, mkae na mhudumu wa akaunti hiyo, muulize mbele yenu wote: mkataba unajirudia wenyewe mwakani? Tiketi za mtoano zinalipiwa lini, na asiyelipa anapoteza nini? Mmoja akihama kazi, nani anabaki na deni? Majibu yaandikwe. Kisha mgawane kalenda nzima siku hiyohiyo, kabla pesa haijatoka, hasa Jumamosi za Montreal na Toronto, maana kila mtu atazitaka hizo, na sijaona anayegombania Jumanne ya Januari.